Wanaolala nje Malindi: tujenge kituo, au kwanza tujue ni kazi ya nani?

Naliweka swali hili hadharani ili tulijadili. Tuna watu wanaolala kwenye vibaraza vya maduka karibu na soko, stendi ya matatu na ufuoni: wazee, vijana na watoto. Tufanye nini?

Kwenye baraza na vijiweni nasikia majibu mawili. Wengine wanasema askari wa kaunti wafanye msako usiku wawaondoe, maana wanafukuza watalii. Wengine, wenye huruma zaidi, wanataka kituo kikubwa kijengwe nje ya mji, upande wa Ganda au Kakuyuni ambako ardhi bado ipo, wote wakatunzwe huko.

Msako sitaupigia maneno mengi. Mtu asiye na pa kwenda ukimfukuza sokoni atahamia Muyeye, ukimfukuza Muyeye atarudi sokoni. Tena Katiba ya 2010, Kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya makazi ya kutosha, na inaitaka serikali imsaidie asiyeweza kujikimu. Sioni inaposema isipokuwa wa Malindi.

Kituo ndicho chenye mjadala, kwa sababu wanaokitaka wana nia njema. Shida yake ni kwamba kinawachukulia hawa kuwa watu wa aina moja, na sivyo. Chukua ajuza anayelala kwenye kibaraza cha duka, kichwa chake juu ya gunia, na ndani ya mfuko wa nailoni amefunga kadi ya kliniki na leso mbili. Ukimuuliza kwao, atataja kijiji cha Ganze au Magarini. Ukimuuliza kwa nini hayuko huko, atanyamaza. Sote katika Kaunti ya Kilifi tunajua maana ya kunyamaza huko: wazee wanaosingiziwa uchawi na jamaa zao wenyewe, mara nyingi kisa kikiwa shamba, na wengine wameuawa. Kaya Godoma kule Ganze imekuwa ikiwahifadhi wazee wa namna hiyo. Huyu ajuza anahitaji usalama, na anahitaji mtu wa kufuatilia shamba lake. Kama ametimiza miaka 70 anastahili pia shilingi 2,000 kwa mwezi za Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwapa wazee pesa za kujikimu, lakini usajili unadai kitambulisho na unapitia kwa chifu wa eneo. Kitambulisho chake kimebaki nyumba aliyoikimbia. Chifu wa huku hamjui, na wa kule ndiye jirani wa waliomfukuza.

Sasa mweke kando ya kijana anayejaribu kuacha unga, yaani heroini. Malindi ina kliniki ya methadoni, dawa ya kumsaidia mtu kuacha heroini, hospitalini tangu 2015, na hili ni jambo la kujivunia. Dawa hiyo kwa kawaida hunywewa kila siku mbele ya mhudumu. Mpeleke kijana huyo kituo cha mbali asikokuwa na nauli ya kurudi asubuhi, na siku chache baadaye arosto, yaani maumivu ya kukosa dawa, itakuwa imemrudisha kwa muuzaji wa unga. Tutakuwa tumetumia pesa za umma kumtenga na tiba yake.

Na watoto je? Tangu Novemba 2017 serikali ilisimamisha usajili wa makao mapya ya watoto, na mkakati wa kitaifa wa 2022 hadi 2032 unataka watoto watoke kwenye makao waende kwa familia, zao au za kuwalea. Pwani hii tunajua jinsi makao ya wafadhili yalivyoongezeka huku jamaa wa mtoto wakiwa hai mtaa wa pili. Kuwajengea mengine ni kurudi nyuma.

Kinachotukwamisha, kwa maoni yangu, ni kwamba jambo hili halina mwenyewe. Afisa wa watoto yuko chini ya serikali ya kitaifa. Inua Jamii ni ya kitaifa. Chifu ni wa kitaifa. Hospitali ya Malindi ni ya kaunti, mipango ya nyumba ni ya kaunti, soko na askari wake ni wa kaunti. Misikiti inatoa sadaka Ijumaa, makanisa yanagawa nguo, wafadhili Waitaliano wanaleta chakula. Kila mmoja anamjua ajuza yule kwa kipande chake, na hakuna anayemjua mzima. Sensa ya kitaifa ya familia za mitaani ya 2018 ilihesabu watu 46,639 nchi nzima. Hesabu ya nchi haikuambii nani alale wapi leo usiku hapa Malindi.

Pendekezo langu: manispaa iwe na dawati moja lenye afisa mmoja anayejulikana kwa jina, na orodha moja. Kila wiki afisa huyo akae na afisa wa watoto, muuguzi wa kliniki, chifu, imamu na mchungaji, wapitie mtu mmoja mmoja: huyu anahitaji nini, nani atafanya, lini. Kifungu cha 189 cha Katiba kinaziruhusu serikali hizi mbili kuunda kamati za pamoja. Hatuhitaji sheria mpya.

Karibuni. Hasa wanaopinga.

Mfanyabiashara wa sokoni:
Ndugu, umesema vizuri, lakini dawati halimpi mtu kitanda. Mimi nafungua duka alfajiri na kazi ya kwanza ni kuosha kibaraza kwa sababu ya haja za watu. Nalipa leseni kila mwaka. Mkishaanza vikao vya kila wiki mtatuletea chai na mahamri, na sisi tutaendelea kuosha. Kituo angalau ni kitu kinachoonekana.

Mama anayepika chakula cha sadaka, Barani:
Mimi orodha ndiyo inanitia hofu. Vijana wananieleza mambo yao kwa sababu wananiamini. Jina likishaandikwa ofisini, kesho polisi wanalo. Wakijua hivyo hata kwenye sufuria yangu hawatakuja tena.

Mwanzilishi wa mada:
Kaka wa sokoni, kuhusu choo huna mpinzani. Choo cha umma kinachofunguliwa usiku karibu na stendi ni kitu cha kudai leo, kituo kijengwe kisijengwe, nami nitasimama nawe kukidai. Kitanda nacho kipo. Muyeye, Maweni na Kisumu Ndogo zimejaa nyumba za Kiswahili zinazopangishwa chumba kimoja kimoja. Pesa za kujengea ukuta wa kituo, geti, na mishahara ya walinzi zingelipia kodi za vyumba, karibu na hospitali, karibu na kibarua, miongoni mwa majirani. Lakini lazima awepo mtu wa kuamua nani apate chumba na wa kumlipa mwenye nyumba kwa wakati. Ndiyo maana naanza na dawati.

Mama wa Barani, hofu yako ni ya haki na imenifanya nibadilishe pendekezo. Orodha isiingie mikononi mwa polisi wala askari wa kaunti. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inazihesabu habari za afya kuwa nyeti, kwa hiyo mambo ya kliniki yabaki kliniki, na mtu akatae kuandikwa bila kunyimwa chakula. Ningependa pia wewe uwe kwenye kikao hicho, kwa maana wanakuamini wewe kabla ya afisa yeyote.

Kuhusu muda: mpango wa maendeleo wa mwaka wa kaunti hufikishwa mbele ya bunge la kaunti kufikia Septemba 1. Kisichoandikwa humo hakipati bajeti ya mwaka wa fedha unaoanza Julai ifuatayo. Nataka mambo matatu yaingie: mshahara wa afisa huyo, kodi za vyumba, na choo cha stendi. Anayeona bodi ya manispaa haina mamlaka ya kubeba hili chini ya Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ya 2011, aweke hapa kifungu tukisome pamoja kabla ya kikao cha ushirikishaji wa umma.