Naomba ushauri: spana halisi za kiwandani za Beetle ya 1967 nazitambuaje kwenye maduka ya mtumba?

Mfuko_Mtupu:
Wakuu, habari zenu. Nina Volkswagen Beetle ya 1967 ninayoirudisha kwenye hali yake ya mwanzo. Bodi tayari, injini tayari. Kilichobaki ni ule mfuko wa vifaa uliokuja na gari kutoka kiwandani. Jeki ninayo, vingine vyote vimeyeyuka. Nahisi kila fundi aliyeigusa hii gari aliondoka na kimoja.

Wiki ya tatu hii nazunguka maduka ya mtumba. Majuzi nikauziwa "seti kamili". Kufika nyumbani nikaukunjua mfuko: unanuka gundi mpya, spana zote rangi moja, hakuna hata moja iliyolika mdomo. Nimepigwa. Nyie mkiwa mbele ya ndoo imejaa spana mnaangalia nini?

Mzee_wa_Gereji:
Pole, mkuu. Kwanza acha kutafuta seti. Vifaa hivi vilishatawanyika zamani, unaviokota kimoja kimoja.

Pili, na hili karibu wote tumelikosea, usitafute nembo ya gari. Watengenezaji wa magari kwa kawaida hawakufua spana wenyewe, walinunua kwa viwanda vya spana. Kwa magari ya Kijerumani soma majina kama Hazet, Gedore, Dowidat, Heyco, Matador. Beba mswaki mkuukuu na kitambaa chenye mafuta kidogo, usugue mpini pale katikati, maana maandishi hujificha chini ya grisi iliyoganda. Ukiona DIN 895, changamka: hicho ni kiwango cha zamani cha Kijerumani cha spana za mdomo, DIN 3110 ilikuja baadaye. "W. Germany" nayo inakuambia ni kabla ya Ujerumani kuungana mwaka 1990, ila peke yake haitoshi, maana hata spana ya miaka ya 80 inayo.

Kuna kitu kimoja usikipite: ule waya uliopinda wa kuvulia vifuniko vya rimu. Ukiuona utadhani kipande cha henga ya nguo. Muuzaji naye anadhani hivyo hivyo, ndiyo maana huukuti kwenye ndoo ya spana. Uko kwenye kopo la misumari na bawaba. Wa kwangu niliukuta umefungia mlango wa kabati hapo hapo dukani, na mwenye duka akashangaa nataka kununua komeo lake.

Dada_Kabureta:
Naongezea kwa Mzee. Jina la Hazet halithibitishi kuwa spana ilitoka kwenye gari. Viwanda hivyo viliuzia watu wote. Tafuta kitabu cha mmiliki cha mwaka wa gari lako, ulinganishe saizi na umbo na picha. Halafu lile boksi la duara la Hazet linalokaa katikati ya tairi la spea, usilikimbilie. Lilinunuliwa kando, si kila gari lilikuwa nalo, na siku hizi kopi zake zipo.

Mfuko_Mtupu:
Asanteni sana. Jana niliacha moja imeandikwa 1/4 W. Sikuielewa, mdomo ulikuwa kama wa milimita 13 hivi.

Robo_Inchi:
Uliiacha vizuri. Hiyo W ni Whitworth, mfumo wa vipimo vya bolti na nati za magari ya zamani ya Kiingereza. Namba yake inataja kipenyo cha bolti, haitaji upana wa mdomo. Mdomo unafika kama milimita 13.3. Ukiivika nati ya 13 inashika kidogo, unajiona fundi, halafu inateleza na kula pembe zote. Ninazo nati mbili za kutoa ushahidi. Kama bado ipo nishtue, naihitaji mimi.

Kutu_Haina_Adabu:
Ukizipata usikimbilie kuloweka kwenye siki usiku kucha. Siki inatoa kutu, sawa, lakini inakula na zinki iliyopakwa juu, asubuhi unakuta chuma cha kijivu kisicho na thamani. Na vifaa vingine vya zamani vilipakwa kadimiamu, ambayo vumbi lake ni sumu, kwa hiyo msasa na grainda weka mbali. Mafuta mepesi na kitambaa, siku mbili tatu.

Mzee_wa_Gereji:
Na hiyo jeki iweke kwenye buti ipendeze. Ukitaka kuingia chini ya gari tumia stendi.

Mfuko_Mtupu:
Mrejesho. Leo nimerudi, sikuanza na ndoo, nimeomba kopo la misumari. Waya sijaupata. Ila chini kabisa kulikuwa na spana fupi nyeusi kwa grisi. Nimeisugua kwa mswaki pale pale, imetoka Dowidat na DIN 895. Upande wa pili kuna namba iliyolika nusu, inaweza kuwa 14 au 11. Kesho naazima kalipa, kile kifaa cha kupimia upana, niupime mdomo. Robo_Inchi, ile yako bado ipo, nimeifukia chini ya ndoo.