Ushauri wa haraka: mwenye wazo na mwenye hesabu, nani atangulie?

Upeo_Mweusi (mleta mada):
Wakuu, salamu. Naandika insha ya kumalizia kozi, mada ni historia ya themodinamiki (elimu ya joto na nishati) ya mashimo meusi, yale ya angani ambayo hata mwanga hautoki, na nimekwama mahali pamoja hadi usingizi umenipaa. Mwaka 1972 Jacob Bekenstein, mwanafunzi wa uzamivu wa John Wheeler kule Princeton, alisema shimo jeusi lina entropi, yaani kipimo cha vurugu, nayo inalingana na eneo la upeo wake wa matukio, ule mpaka ambao ukivukwa hakuna kurudi. Mwaka 1974 Stephen Hawking akakokotoa, akapata joto la shimo lenyewe. Kwa haki, nani atangulie: mwenye wazo au mwenye hesabu? Nataka jibu kabla sijakabidhi.

Shangazi_Nyota:
Mwanangu, umeanzia katikati. Mbona kila mtu anamruka Demetrios Christodoulou? Naye alikuwa mwanafunzi wa Wheeler, kijana mdogo kabisa. Mwaka 1970 alionyesha kwamba shimo jeusi linalozunguka unaweza kulinyonya nishati, lakini ipo tungamo (masi) ambayo haipungui hata ufanyeje. Mwaka uliofuata Hawking akathibitisha kuwa eneo la upeo halipungui kamwe, kama entropi. Bila hao wawili, Bekenstein angeshika nini?

Kelvini_Sifuri:
Mimi napenda ile ya Wheeler na chai. Alimwambia Bekenstein: nikichanganya chai ya moto na ya baridi nimeongeza entropi ya ulimwengu, ni kosa lisilofutika. Je, nikiimwaga ndani ya shimo jeusi, ushahidi si umepotea? Kijana akaenda kulifikiria swali hilo kwa dhati. Nilipolisikia darasani ndipo nilipoipenda fizikia, ingawa baadaye nikaishia kwenye uhasibu. Mke wangu bado ananicheka nikianza kulisimulia.

Mwalimu_Zamu:
Turudi kwenye mada. Kiangazi cha 1972, kule Les Houches, Ufaransa, Bardeen, Carter na Hawking waliandika sheria nne za mashimo meusi, zikachapishwa 1973. Zinafanana na za themodinamiki moja kwa moja, lakini wenyewe wakasisitiza ni mfanano tu, kwa kuwa, walivyoamini wakati huo, joto halisi la shimo ni sifuri. Hawking alikuja kueleza kwamba kilichomsukuma kuandika, kwa sehemu, ni kuudhika na Bekenstein. Mtu aliyepinga ndiye aliyekuja kuthibitisha! Historia haigawi vikombe, kijana. Ila nikuulize: kama ni historia tu, haraka ya nini? Na insha hiyo ina majina ya nani?

Upeo_Mweusi:
Sawa, Mwalimu. Kazi ni ya watu wawili. Mwenzangu alitoa wazo kuu. Kuandika nimeandika mimi, hesabu zote nimefanya mimi. Jina lake nimeliweka kwenye shukrani. Nadhani ni haki, kwa sababu wazo bila hesabu linabaki neno tu. Bekenstein mwenyewe namba ya kuzidishia eneo hakuipata sawasawa. Kwamba entropi ni robo ya eneo, kwa vizio vya Planck (vipimo vya asili vya fizikia), ilitoka kwa Hawking.

Mwalimu_Zamu:
Kumbe! Basi na Hawking tumwangalie vizuri. Mwaka 1973 alikwenda Moscow, wanafizikia wa huko, Zeldovich na Starobinsky, wakamshawishi kwamba shimo jeusi linalozunguka linapaswa kutoa mnururisho, yaani mionzi. Njia yao ya hesabu haikumridhisha, akairudia kwa njia yake, akakuta hata lisilozunguka linanururisha. Mwenye hesabu naye alipokea wazo la watu. Na leo entropi hiyo inaitwa ya Bekenstein na Hawking, majina yote mawili.

Mpima_Uzi:
Wadau, hii ni chai, stori ya kutunga. Mwanafunzi mwenye wazo, mwingine mwenye hesabu, ugomvi wa jina. Ni kisa cha 1972 kimebadilishwa wahusika. Akaunti yenyewe mpya.

Upeo_Mweusi:
Ningetunga ili nipate nini? Niulize hesabu yoyote. Shimo lenye tungamo ya Jua lina joto la kama kelvini 0.00000006, na mnururisho wa anga zima una kelvini 2.7, kwa hiyo shimo hilo kwa sasa linapokea kuliko linavyotoa.

Mpima_Uzi:
Hiyo ipo kila kitabu. Tuambie wazo la mwenzako.

Upeo_Mweusi:
Anasema Hawking hakugeuzwa na hoja ya eneo. Kilichomgeuza ni kuona mnururisho umetoka na mgawanyo uleule wa kitu chochote chenye moto, kana kwamba shimo lina joto la kweli. Insha nzima imejengwa juu ya hilo.

Kelvini_Sifuri:
Mpima, mtunzi wa chai hafiki huko. Mimi namwamini.

Shangazi_Nyota:
Insha nzima, halafu mwenyewe yuko kwenye shukrani?

Upeo_Mweusi:
Sijasema sitalihamisha, Shangazi. Ila nakabidhi kesho, na ukurasa wa mbele nimeshauchapa.

Shangazi_Nyota:
Ni ukurasa mmoja. Uchape upya. Na Christodoulou umemweka?