Vitabu vya kuanzia Linux: kipi kishikwe kwanza, kipi kiachwe dukani?

SWALI

Wakuu, salaam. Naomba ushauri wa vitabu vya kujifunzia Linux kutoka sifuri. Msomaji anaifahamu Windows vizuri, Kiingereza cha kusoma anacho, na lengo ni kuja kusimamia seva ndogo za ofisi. Laptop ina RAM ya GB 4 na nafasi ya GB 60 kwenye diski. Bajeti ni ya vitabu viwili tu vya karatasi. Kwenye maduka ya vitabu vya mtumba kuna vitabu vinene vya Linux kwa bei ya kutupa, vingi vya 2005 hadi 2012. Vinafaa, au ni kutupa hela? Na kianze kipi, cha amri au cha kueleza mfumo unavyofanya kazi ndani?

JIBU LA 1

Mkuu, kabla ya jina la kitabu tazama mwaka wa toleo, si mwaka wa kuchapwa upya. Linux imebadilika palepale ambapo msimamizi wa seva anashika kila siku. Debian 8 na Ubuntu 15.04, ambazo ni aina mbili za Linux, zote za 2015, zilihamia systemd, yaani programu inayowasha mfumo na kusimamia huduma zake. Tangu hapo huduma zinawashwa na kuzimwa kwa systemctl, na kumbukumbu za matukio zinasomwa kwa journalctl. Kitabu cha 2008 kitakufundisha kuhariri skripti za /etc/init.d na kupanga mtandao kwa ifconfig. Ukiandika ifconfig kwenye Debian ya sasa utajibiwa "command not found", maana kifurushi cha net-tools hakiwekwi tena chenyewe. Anayeanza hana namna ya kujua kama kosa ni lake au la kitabu. Hapo ndipo wengi hufunga kitabu na wasikifungue tena.

Kipimo chake ni cha dakika mbili, hapohapo dukani. Fungua faharasa ya nyuma, tafuta systemctl, kisha ip, kisha ss (hizi mbili ni amri za mtandao zilizochukua nafasi ya ifconfig na netstat). Vikiwemo vyote vitatu, kitabu kiko hai. Ukikuta ifconfig na netstat peke yake, kirudishe rafuni hata kama ni cha bure. Vitabu vilivyojengwa juu ya CentOS, aina nyingine ya Linux iliyopendwa kwenye seva, navyo vitazame mara mbili: CentOS 8 iliachwa kutunzwa mwisho wa 2021, CentOS 7 Juni 2024. Mengi yaliyomo yanahamia kwa warithi wake, Rocky au AlmaLinux, ila amri ya kuweka programu, yum, imempisha dnf.

Kuna sehemu isiyozeeka: cd, cp, grep, kuunganisha amri kwa alama ya |, ruhusa za faili, na vi, programu ya kuhariri maandishi. Kwa hiyo kitabu cha mtumba kinachofundisha amri tupu bado kina manufaa. Cha usimamizi wa seva, hapana.

JIBU LA 2

Viwili ninavyovitetea ni The Linux Command Line cha William Shotts na How Linux Works cha Brian Ward. Lakini usivinunue vyote. Shotts anatoa PDF ya kitabu chake bure kwenye linuxcommand.org, na leseni yake inaruhusu kunakili na kugawiana mradi usikiuze wala usikibadilishe. Hela ya karatasi peleka kwa Ward, toleo la tatu la 2021. Hilo linaeleza kompyuta inavyowaka, diski zinavyogawanywa na systemd inavyopanga huduma, na ni kitabu ambacho utakirudia kwa miaka.

Kuhusu kipi kianze: amri kwanza, bila ubishi. Ward anaeleza mambo kwa kukuonyesha matokeo ya amri. Usipoweza kuzunguka kwenye terminali, dirisha la kuandikia amri, utayasoma kama hadithi. Soma Shotts sura ya 1 hadi ya 10, kibodi iko mkononi, kabla ya kugusa kingine chochote.

Sura ya 9, ya ruhusa, usiipite mbio. Karibu kila anayeanza hukariri kwamba r (kusoma) ni 4, w (kuandika) ni 2, x (kuendesha) ni 1, na bado hajui x inafanya nini kwenye folda. Jaribu hivi, bila sudo (amri ya kuazima mamlaka ya root, msimamizi mkuu wa mfumo), maana root hazuiwi na ruhusa hizi:

mkdir jaribio
touch jaribio/a
chmod 644 jaribio
ls jaribio
cat jaribio/a

ls itakutajia jina la a, huenda pamoja na onyo. cat itakataliwa: "Permission denied". Faili ni yako, folda ni yako, na bado huingii. Sababu ni kwamba r kwenye folda inaruhusu kusoma majina tu, na x ndiyo inayoruhusu kupita. Ni sawa na kusoma majina ya wapangaji ukutani huku huna ufunguo wa geti. Andika chmod 755 jaribio, geti linafunguka. Aliyeelewa hilo hatakimbilia chmod 777, inayompa kila mtu ruhusa zote, siku tovuti ya ofisi ikikataa kufunguka.

JIBU LA 3

Nakubaliana na hapo juu, ila kwa lengo la seva naongeza cha tatu ambacho hakigusi bajeti: The Debian Administrator's Handbook cha Raphaël Hertzog na Roland Mas. Kinasomwa bure mtandaoni. Asili yake ni Kifaransa, kwa hiyo msomaji wa Bujumbura au Lubumbashi asiyependa Kiingereza ana pa kushika. Usikianze mapema. Kinamfaa aliyekwisha kuzoea apt, amri ya Debian ya kuweka programu, na kuhariri faili za mipangilio zilizo kwenye /etc.

Lile buku la UNIX and Linux System Administration Handbook, toleo la tano la 2017, lina kurasa zaidi ya 1,200. Ni zuri sana, lakini ni la kutafutia jibu, si la kusoma mfululizo. Vitabu vya mitihani ya vyeti viweke kando vilevile: vimepangwa kwa mada za mtihani, si kwa mpangilio wa mtu anayejifunza.

Sasa tahadhari ya PDF, ambayo haisemwi vya kutosha. Ukinakili amri kutoka PDF na kuibandika, kistari kifupi kinaweza kugeuka kirefu, na alama za mtajo zilizonyooka zikageuka za kupinda. Unaona ls –l kwenye skrini, macho hayatofautishi, na ls inakujibu kwamba haioni faili linaloitwa –l. Andika amri kwa mkono, vidole vikariri.

Pia alama za mwanzo wa mstari si sehemu ya amri. Dola ($) inamaanisha mtumiaji wa kawaida, alama ya reli (#) inamaanisha root. Ukibandika dola utapata kosa, angalau utashtuka. Ukibandika alama ya reli ni hatari zaidi: sheli, programu inayopokea amri zako, inauona mstari mzima kuwa maelezo, haifanyi kitu na haisemi kitu, nawe unaendelea ukidhani hatua imekwisha.

MUULIZAJI

Asanteni sana. Swali la nyongeza: kwa RAM ya GB 4, mazoezi yafanyikie wapi? WSL, ile Linux inayoendeshwa ndani ya Windows, inatosha?

JIBU LA 4

Kwa Shotts, WSL inatosha kabisa. Kwa Ward haitoshi, kwa sababu anafundisha kuwaka kwa kompyuta na kugawa diski, na huko WSL imekufunika. Weka VirtualBox, tengeneza kompyuta pepe ya RAM GB 1 na diski ya GB 20 inayokua kadiri inavyojaa. Ikigoma kuwaka, ingia BIOS, mipangilio ya kompyuta kabla ya Windows kuwaka, uone kama VT-x (au AMD-V), uwezo wa kichakataji wa kuendesha kompyuta pepe, imezimwa.

Pakua Debian netinst, faili dogo la kuanzia ambalo hushusha mengine mtandaoni, ambalo halifiki GB 1. Ubuntu 24.04 ya desktop ni karibu GB 6, hiyo ni bando la kutosha. Wakati wa kuweka, ukifika kwenye orodha ya programu, ondoa tiki kwenye desktop na GNOME, uhakikishe tiki ziko kwenye SSH server (ya kuingia kwenye mashine kutoka mbali) na standard system utilities. Ukisahau, itaanza kushusha mamia ya vifurushi vya madirisha ambavyo RAM hiyo haitavibeba.

Na kwenye neno la siri la root, acha wazi mara zote mbili, bonyeza Enter. Ukilijaza, Debian haimpi mtumiaji wako sudo, na kila amri ya kitabuni inayoanza na sudo itakataa. Kama umeshalijaza, huna haja ya kuanza upya: andika su - upate root, kisha apt install sudo, kisha adduser jina sudo ukiweka jina lako la mtumiaji, halafu toka na uingie tena. Usipotoka, kundi jipya halijakushika, na sudo itaendelea kukukatalia.