Kocha kawapangia vijana wetu vigogo watatu kabla ya distrikti, hii ni akili kweli?

BabaElia_FW

Wakuu habari za jioni. Niko Texas upande wa Fort Worth, kijana wangu yuko darasa la 11 na mwaka huu kapandishwa varsiti, yaani timu kuu ya shule, anacheza laini ya mbele, tekli wa kushoto. Huu mpira wao wa Kimarekani nimeanza kuuelewa ukubwani kwa ajili yake, kwa hiyo mtanivumilia nikichanganya mambo.

Ratiba imetoka. Mechi 10, saba za distrikti (kundi letu la shule tunaogombea nalo nafasi ya mtoano) na tatu za mwanzo nje ya distrikti, na hizo tatu ndo zinaninyima usingizi. Sisi shule yetu ni 5A na varsiti nzima hawafiki vijana hamsini, halafu wapinzani wote watatu ni 6A, daraja la shule kubwa kuliko sisi, mmoja wao mwaka jana kafika mbali mno kwenye mtoano, ile laini yao ukiiona unadhani ni wababa waliokuja kuchukua watoto shule. Na skrimeji ya Agosti, ile mechi ya mazoezi, nayo ni na timu ya 6A vilevile. Kwenye kikao cha wazazi kocha mkuu akasimama akasema chuma hunoa chuma, ukumbi mzima makofi, mi nikakaa kimya maana pale mzungumzaji wa kuuliza maswali huwa anaonekana hapendi timu.

Sasa naomba kueleweshwa na mnaojua. Kuna faida gani ya kweli ya kuanza msimu kwa kupigwa 49-6 wiki tatu mfululizo? Kwa nini asichukue hata mmoja wa saizi yetu vijana wapate moyo? Na mzazi ana haki ya kuuliza au nitamharibia dogo namba?

MshikaMnyororo

Mkuu BabaElia karibu Texas ya Ijumaa usiku. Mi niko Houston na kazi yangu ya pembeni msimu wa mpira ni kushika ule mnyororo wa kupimia yadi kumi, kwa hiyo mechi naziangalia nikiwa nimesimama hatua chache tu toka kwa wachezaji.

Kwanza tulia kuhusu matokeo. Kwa utaratibu wa UIL, chama kinachosimamia michezo ya shule Texas, mechi za nje ya distrikti hazihesabiki kwenye kupata nafasi ya mtoano, timu nne za juu za distrikti ndo zinaenda, basi. Unaweza ukaanza 0-3, yaani umefungwa zote tatu, ukashinda zako za distrikti ukaingia kama kawaida, na mwingine akaanza 3-0 kwa kuonea vibonde akaja kufa distrikti akabaki nyumbani. Ndo maana makocha wa huku wanathubutu, maana adhabu ya kufungwa ni aibu tu.

Pili usidhani kocha kakaa ofisini akachagua majina kama anachagua nyama buchani. UIL inapanga upya madaraja na distrikti kila baada ya miaka miwili, inatangazwa Februari, na siku ile makocha wote simu sikioni wanatafuta nani ana wiki ya kwanza wazi, nani ana ya pili, na mara nyingi mnakubaliana miaka miwili, mwaka huu kwangu mwakani kwako. Ukichelewa unabaki na walioachwa, na wanaoachwa ni wakali sana ambao kila mtu anawakimbia. Timu kubwa nyingine zinakosa kabisa wa kucheza naye mpaka zinaita timu za majimbo mengine. Kwa hiyo inawezekana kabisa hiyo hotuba ya chuma ilikuja baada ya simu kukataliwa, sisemi ndivyo ilivyokuwa ila nimeshaona.

Sasa jambo la kuogopa sio hizo 49-6. Ni robo ya tatu. Nikiwa na fimbo yangu pale pembeni naona shule kubwa inabadilisha laini nzima, wanaingia watano wapya jezi haina hata alama ya nyasi, upande wa pili ni wale wale waliocheza kushambulia, wakabaki uwanjani kulinda, wakacheza na timu ya kupiga mpira juu, na sasa wanarudi kushambulia tena. Utaona dogo anainama mikono magotini kabla hata hakimu hajaweka mpira chini, anasimama amenyooka badala ya kuchuchumaa, miguu haiendi anatanguliza kichwa. Hapo ndo watu wanaumia. Agosti Texas hata jua likizama joto lipo palepale, wewe unajua.

Kwa hiyo swali lako kwa kocha liwe moja tu, Elia anacheza pande zote mbili au mmoja? Ukijibiwa hilo utajua kama ratiba inawafaa.

Omwami_Cbus

Salaam kutoka Columbus. BabaElia ungekuwa huku Ohio hii stori ingekuwa tofauti kabisa, ju huku hakuna mambo ya wiki za kwanza hazihesabiki. Tuna pointi za Harbin, zimetumika toka 1972, kompyuta ndio inaamua nani anaingia mtoano. Venye inafanya: ukishinda unapata pointi kulingana na divisheni ya ule umepiga, akiwa mkubwa unapata nyingi, halafu kila mechi yule uliyempiga anashinda kwingine nayo inakuongezea. Ukishindwa na yeye unapata sufuri, hata kama ilikuwa kwa pointi moja, hata kama yeye ndiye bingwa wa jimbo.

Sasa hapo makocha wanapiga hesabu kama wahasibu. Hautaki kibonde ju hata ukimpiga 60 hana ushindi wa kukuletea, na hautaki jitu litakalokumaliza ju hupati kitu na unarudi na majeruhi. Unatafuta timu ya divisheni ya juu yako ambayo ni ya kawaida kwa nguvu, ama ile ndogo inajulikana itashinda mechi nane. Mimi hukaa na wazazi wengine kwa stendi tunashangilia timu ambayo tuliipiga wiki ya pili, tunataka ishinde, watu wapya wanatuangalia wanadhani tumechanganyikiwa.

Point yangu ni kwamba ugumu wa ratiba peke yake si mzuri wala mbaya, inategemea jimbo lako linahesabu nini. Kwa Texas naona kocha wako hana cha kupoteza kwa karatasi. Kwa miili ya vijana ndio kuna maneno, hapo nakubaliana na MshikaMnyororo.

JangwaniDamu

Jamani mbona mnamtisha mwenzetu. Kujiandaa ni kucheza na mkubwa, mbona hata huku bongo iko hivo. Yanga 2024 walienda Afrika Kusini kabla ya msimu, wakacheza na Augsburg ya Bundesliga wakafungwa 2-1, wiki moja tu mbele wakampasua Kaizer Chiefs 4-0 kwao kule. Wangebaki kucheza na timu za mtaani Kigamboni wangejifunza nini? Mwambie dogo akaze.

MshikaMnyororo

@JangwaniDamu mfano mzuri kwa soka ila haubebi hapa. Augsburg hawakuja na watu wenye kilo 130 kila mmoja wanaokurukia kila baada ya sekunde thelathini. Kwenye soka ukizidiwa unarudi nyuma mnapaki basi, huku ukizidiwa laini ndo inagongwa zaidi. Na Yanga ni watu wazima wanalipwa, huyu ana miaka 16 na Jumatatu ana mtihani wa algebra.

JangwaniDamu

Sawa mkuu hapo kwenye algebra umenimaliza 😂

MamaNeema_Abilene

Papa Elia jambo sana. Miye niko Abilene, tulitoka Uvira tukapitia kambi ya Nyarugusu mbele ya kufika huku, batoto bangu bawili banacheza. Miye sitaongea ya pointi sababu siijui. Nitakuambia ya munganga.

Mukubwa wangu alipigwa kichwa mu mechi moja ya mwanzo na shule kubwa sana. Hakuanguka, alitembea muzuri mpaka pembeni, lakini alikaa kwa benchi ya timu ingine. Yule mwenye kuangalia afya ya bachezaji akamwona, akachukua helmeti yake akaificha nyuma ya kisanduku cha maji, sababu batoto banakimbiaka kurudi. Mu Texas kuna sheria ya tangu 2011, mutoto akishukiwa ubongo umetikisika anatoka siku ile ile, harudi mpaka munganga aandike karatasi na wewe muzazi utie sahihi, na kisha anarudi pole pole kwa hatua, haiko mara moja anavaa pedi za mupira.

Kwa hiyo Papa Elia usiogope kuuliza. Uliza ile timu iko na mutu wa afya ngapi, na ukiona mutoto anasema kichwa hakiumi lakini anazima taa ya chumba, usimwamini. Na ile karatasi usiitie sahihi kwa haraka sababu Ijumaa inakaribia. Muko na haki, haiko kumuharibia.

BabaElia_FW

Mama Neema asante sana, hiyo ya kuficha helmeti nimeisoma mara mbili. Kwetu nimemuona dada mmoja na mkoba mwekundu pembeni, nitaulizia kama ndo yeye peke yake kwa varsiti na wadogo.

Bay_Mstaafu

Naongeza kidogo, mi nimekulia California na nimecheza hai skuli kabla magoti hayajagoma.

Upande wa faida msiuchukulie poa. Shule ya De La Salle ya Concord walishinda mechi 151 mfululizo toka 1992 mpaka 2003 na katikati hapo hawakujificha, 2001 walisafiri mpaka Long Beach wakacheza na shule ya Poly ya hukohuko, namba moja kwa namba mbili ya nchi, wakashinda 29-15, watu mpaka leo wanaizungumzia. Na walipokuja kukatika ilikuwa mechi ya kufungua msimu wa 2004, walienda Seattle wakakutana na Bellevue wakapigwa 39-20. Angalia hapo, Bellevue ndo alikuwa mdogo kwenye karatasi. Kwa hiyo mdogo kumkubali mkubwa sio ujinga, kama ana mpango wake na watu wa kutosha.

Faida nyingine ni video. Makocha wa vyuo wakifungua Hudl, ule mtandao wa video za wachezaji, ya kijana wa laini hawajali matokeo ya timu, wanataka kuona mguu wake wa kwanza unaenda wapi akikutana na mtu wa saizi ya chuo. Tekli anayemzuia mtoto wa kilo 75 mechi nzima hajaonyesha kitu. Akimzuia jamaa ambaye tayari ana ofa ya chuo, hata mara nne tano tu kwa usiku mzima, hizo ndo anakata anatuma. Elia darasa la 11 ndo mwaka wenyewe huo.

Ila mfano wa kinyume mnao hukohuko Ohio. Agosti 29, 2021, Canton, Bishop Sycamore walipangwa na IMG Academy, shule kali sana kimichezo, laivu kwenye TV ya ESPN, wakapigwa 58-0, na walikuwa wamecheza mechi nyingine Ijumaa, siku mbili tu nyuma. Watangazaji wenyewe wakaanza kusema hewani wanaogopea usalama wa vijana. Baadaye ikajulikana hata hiyo shule yenyewe ilikuwa magumashi. Sisemi timu yenu iko hivo, nasema kuna watu wazima walikaa mezani wakapanga ile mechi na kila mmoja alidhani mwenzake kakagua.

Omwami_Cbus

Weh, hiyo ya Canton usitukumbushe. Kila mtu kazini aliniuliza kama ni shule ya mtoto wangu 😩

BabaElia kitu kingine, muulize kocha kama wamekubaliana saa isisimame wakizidiwa. Huku kwetu gepu ikifika 30 kipindi cha pili saa inakimbia tu. Kwenu Texas ile sheria ya gepu ya 45 kumaliza mechi ni ya timu za wachezaji sita, nyinyi mnaocheza watu 11 inabidi makocha wenyewe wakubaliane.

BabaElia_FW

Mrejesho wakuu. Leo baada ya mazoezi nimemsubiri kocha wa laini kwenye paking, sio mkuu, huyu anaongeka. Nimemuuliza kama Elia anacheza pande zote. Kasema kwenye mechi za distrikti atacheza kushambulia tu, ila hizo tatu za mwanzo "tutaona", kwa sababu ulinzini wana vijana wawili bado wamezuiwa kucheza kwa ajili ya alama mbaya za darasani. Nimemwambia kwa heshima kabisa kwamba hiyo "tutaona" ndo inanitia wasiwasi. Kakaa kimya kidogo, kasema skrimeji watajaribu wadogo wawili toka junia varsiti, ile timu ya pili ya shule, kwenye nafasi ya ulinzi, wakiweza Elia anabaki upande mmoja. Kuhusu saa kukimbia kasema yeye hana habari, atamuuliza mkuu.

Na ni kweli mkuu alipigiwa na kukataliwa na watu Februari, huyu mwenyewe kanichekea akasema timu ya wiki ya pili ndo pekee iliyopokea simu.

MshikaMnyororo

Umefanya vizuri kuuliza huyo na sio kwenye kikao. Skrimeji nenda mwenyewe, usikae juu na wazazi, kaa chini karibu na yadi ya thelathini maana kila timu inapewa zamu yake ya mashambulizi kadhaa kutoka sehemu moja, makocha wako ndani ya uwanja kabisa, utaona vizuri kuliko mechi. Waangalie hao wadogo wawili zamu ya mwisho, sio ya kwanza. Zamu ya kwanza kila mtu ni simba.

BabaElia_FW

Poa mkuu. Ni Alhamisi ijayo saa kumi na mbili jioni, kiingilio sijui bei gani. Aliye Fort Worth au Arlington anipige DM twende wote, nina viti vya kukunja na jagi la maji.