Usaili wa umahiri na sijawahi kuajiriwa, nina fildi tu: nisimulie nini?

Binti_Ugavi
Wakuu, habari za leo. Nimemaliza shahada ya ununuzi na ugavi mwaka jana, sijawahi kuajiriwa popote. Nimeitwa usaili wa afisa ugavi msaidizi kwenye kampuni moja ya usambazaji hapa Dar, Alhamisi ijayo. Barua pepe yao inasema usaili ni wa umahiri, na wametaja watakachopima: uadilifu, kutatua matatizo, kufanya kazi na wenzako na kuhudumia wateja. Usaili wa kazi za serikali, wa Sekretarieti ya Ajira, naujua ulivyo: mchujo wa kuandika, ukipita unaitwa mahojiano na vyeti vyako halisi. Huu wa "tupe mfano wa siku ambayo..." ndio unaoninyima usingizi. Nina fildi tu, stoo ya hospitali ya wilaya. Kila nikijaribu kujibu naishia kusema mimi ni mchapakazi na najifunza haraka. Mnaojua, naombeni msaada.

Kijana_wa_Tabata
Tunga mfano mmoja mzuri uukariri, hawana namna ya kujua kama ni kweli. Pia pitia Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2023 na NeST, mfumo wa mtandaoni wa ununuzi wa umma.

Dada_Rasilimali
Mdogo wangu, hongera kwa kuitwa. Nafanya kazi ya rasilimali watu na nimekaa kwenye majopo mengi, kwa hiyo nikueleze kinachoendelea upande wetu wa meza. Kila mjumbe ana karatasi yenye maswali yaleyale kwa wasailiwa wote. Chini ya kila swali kuna nafasi ya kuandika ulichofanya, halafu alama. Ukisema "mimi ni mchapakazi", mjumbe hana cha kuandika. Ukisema "nilihesabu upya, kisha nikaenda wodini kuuliza", anaandika.

Ndugu wa Tabata, kwenye kutunga nakupinga kabisa. Baada ya mfano wako tunauliza: nani alikuwa zamu? Ulimwambiaje? Yeye akajibu nini? Hadithi ya kutunga haifiki mbali hapo. Nimeona vijana wenye vyeti vizuri wakikwama, na inaniuma, kwa sababu huko fildi walifanya kazi ya kweli ambayo wangeweza kuisimulia. Sheria ya Ununuzi na NeST ni muhimu sana kwa anayeomba taasisi za umma. Huyu ameitwa na kampuni binafsi, na wameshamwambia watapima nini.

Binti, niambie: kule stoo, ni kitu gani ulikikuta hakijakaa sawa ukakishughulikia?

Binti_Ugavi
Asante sana dada. Labda hili. Tulikuwa tunahesabu mali mwisho wa mwezi. Kadi ya glovu inasema maboksi 40, kwenye rafu yapo 34. Mzee wa stoo akasema niandike 34 tuendelee. Nikamwomba tutafute kwanza. Tukapitia vocha za kutolea mali, hakuna kitu. Tukauliza wodi ya wazazi, kumbe muuguzi wa zamu ya usiku alifunguliwa na mlinzi akachukua sita, akaandika kwenye daftari la zamu la wodi, sisi hatukuambiwa. Basi tukaweka daftari la usiku kwa mlinzi. Ila ni jambo dogo sana, naona aibu kulipeleka mbele ya jopo.

Dada_Rasilimali
Hilo hilo! Kwa mhitimu hatutegemei kusikia kwamba uliokoa mamilioni. Tunataka kuona ukikuta hesabu haziendani unafanyaje.

Sasa angalia ulivyolisimulia: tukapitia, tukauliza, tukaweka. Najua tumelelewa hivyo, mtu kujitajataja ni kujikweza. Lakini anayeajiriwa ni wewe, na mzee wa stoo hatakuwepo siku hiyo. Nani alikwenda wodini? Kama ni wewe, sema "nilikwenda". Daftari la usiku lilikuwa wazo la nani? Kama ni la mzee, mpe haki yake, hutapunguziwa alama kwa kusema ukweli.

Mazingira yamalize kwa sentensi mbili, useme ulipewa kazi gani, halafu kaa kwenye ulichofanya wewe hatua kwa hatua. Na matokeo hujayasema kabisa. Mwezi uliofuata kadi na rafu vililingana? Mtafute mzee umuulize.

Wakiuliza uadilifu, anzia pale ulipoambiwa uandike 34, lakini usimpake mzee matope. Sema alitaka hesabu zifungwe kwa wakati, wewe ukaomba muda wa kutafuta. Anayemsema vibaya bosi wa jana tunajiuliza kesho atatusema vipi sisi.

Ila glovu zisijibu maswali yote manne. Huna maisha mengine? Kazi ya kikundi chuoni, kwaya, duka la nyumbani, kamati ya harusi, vyote vinakubalika. Halafu wapigie uulize usaili ni kwa lugha gani. Kama ni Kiingereza, simulia kwa sauti kwa Kiingereza hata mara kadhaa, mtu akikusikiliza na kukukatiza kwa maswali. Usikariri maneno, kariri mtiririko.

Kijana_wa_Tabata
Dada, nimekuelewa. Nafuta ushauri wangu wa kutunga.

Binti_Ugavi
Nimempigia mzee wa stoo sasa hivi, amefurahi kweli. Mwezi uliofuata glovu zililingana, na anasema wazo la daftari lilikuwa langu, yeye alimwelekeza tu mlinzi namna ya kulijaza. Kampuni nayo imejibu: Kiingereza. Kwa swali la wateja nitachukua duka la mama, kuna mteja alirudisha unga wenye wadudu mbele ya watu. Jibu naliandika usiku huu, kesho naliweka hapa. Dada, naomba ulikague kama jopo, uniulize bila huruma.