Eti mguu wangu ndio wenye kosa! Watu wa Tanga njooni mshuhudie

BintiChumbageni – Alhamisi, saa 3:40 usiku

Wanajukwaa, leo sina hata salamu. Mikono inanitetemeka. Nimeisikiliza ile sauti mara ya saba na bado siamini. Eti "Dada yangu, kiatu hakina kosa, mguu wako ndio wenye kosa."

Mguu wangu! Mguu niliozaliwa nao Bombo, nikakanyagia mchanga wa Raskazone, nikaendea shule, nikachezea ngoma, leo una kosa!

Mnamjua, sina haja ya kumtaja. Yule anayejirekodi amekaa juu ya mlima wa maboksi Kariakoo, "warembo wangu, wapenzi wangu", na akitaka kuuza anatukumbusha kwamba yeye ni mtoto wa Tanga, amekulia Ngamiani. Nusu ya wanawake wa mji huu wamemrushia hela.

Jumamosi tunamwoza mdogo wangu. Sare tumeshashona, kikabaki kiatu tu, cha rangi ya dhahabu. Wiki mbili nzima namwandikia: navaa 40. Akaniuliza, "40 kabisa?" Nikamwambia 40 kabisa. Nikaenda mbali zaidi: nikakanyaga karatasi, kisigino nimekigandisha ukutani, tena jioni mguu ukiwa umeshatembea na kuvimba vya kutosha, nikaweka alama kwenye kidole kirefu, nikapima kwa futikamba. Sentimita 25. Nikapima na wa pili, maana miguu hailingani. Nani mwingine anamtumia muuza viatu urefu wa unyayo? Akanijibu kopa mbili na dole gumba.

Kiatu 45,000. Basi 5,000. Leo nimeufuata mzigo Kange, bodaboda 4,000 kwenda na kurudi. Boksi limeandikwa 40 kwa wino mzito, hata kipofu angeisoma kwa kidole. Nikafungua pale pale stendi mbele ya wapiga debe. Vidole vimeingia, kisigino kimebaki nje kinaangalia mabasi ya Arusha. Kile ni kiatu cha mtoto wa chekechea siku ya mahafali! Ukimvisha paka kinambana!

Nikapiga picha nikamtumia, kwa adabu zote, na "samahani dada" juu. Ndipo ikaja ile sauti. Sekunde 11. Hakuna pole, hakuna "ngoja niangalie". Nyuma yake nasikia watu wanacheka. "Mguu wako ndio wenye kosa." Halafu akamalizia, "na mzigo ukishatoka haurudi."

Jamani, hela inatafutwa. Lakini mtu kakaa Kariakoo, hajawahi kuuona mguu wangu, anautia hatiani? Mama yangu ana mguu huu huu. Bibi yangu alibebea nazi Pangani kwa mguu huu huu. Kwa hiyo ukoo mzima una kosa?

Chini ya soli kimepigwa muhuri wa 240. Sijui ni wa nini na wala sitaki kujua. Nijibuni kitu kimoja tu: mguu unaweza kuwa na kosa?

MzeeWaPweza
Uzi bila picha ya mguu haujakamilika. Hatuwezi kuhukumu kwa kusikiliza upande mmoja.

ShogaMakorora
Pole shoga yangu, huyo huyo kanifanya mimi. Nilimwambia gauni namba 14. Likaja, lebo kweli inasema 14, kumbe ni 14 ya Marekani! Mimi 14 yangu ni ya Uingereza, ambayo kwa Wamarekani ni 10. Nimelivaa limekuwa turubai la msibani, watu wangeingia chini yake wakasoma hitima. Nikamlalamikia, akaniambia "utanenepa". UTANENEPA!

KijanaWaMikanjuni
Mimi namtetea muuzaji. Mwanamke kuvaa 40? Huo ni mguu wa mlinzi wa usiku.

BintiChumbageni
Kijana, 40 ni mguu wa mwanamke mzima, kamuulize mama yako anavaa ngapi. Na mkazane kusoma: NILIMTUMIA SENTIMITA. Alizipata, akazijibu kwa kopa, halafu anakuja kusema mguu una kosa. Nimemsikiliza tena sasa hivi. Kweli wanacheka nyuma yake.

BandaLaTangamano
Dada, mimi nauza viatu vya mtumba mwaka wa tisa huu. Hiyo 240 usiyotaka kuijua ndiyo mchawi wako. Viatu vingi vya China hupigwa urefu wa mguu kwa milimita. 240 ni mguu wa sentimita 24, yaani 38. Wako wa sentimita 25 ungesoma 250, na hiyo ndiyo 40. Huyo ameiona 240, ameimeza ile mbili ya mbele, akaandika 40 kwenye boksi. Siku nyingine mwambie muuzaji akigeuze kiatu, apige picha ya soli ndipo urushe hela. Boksi huandikwa na yeyote. Hata hapa bandani kiatu kimoja kina 8 ya Uingereza na 42 ya Ulaya, ni kile kile, lakini mteja asiyejua anaona nimemtapeli.

BintiChumbageni
AMEIMEZA MBILI! Mnaona? Mimi nimekanyaga karatasi, nimeganda ukutani kama mjusi kwa ajili yake, yeye kashindwa kugeuza kiatu akasoma tarakimu tatu! Halafu mguu wangu ndio wenye kosa! Kaka wa Tangamano, Mungu akuzidishie. Una ya dhahabu, 250? Kesho unafungua saa ngapi?

MzeeWaPweza
Picha bado tunaisubiri.

WakiliWaBarazani
Maneno ya "mzigo ukishatoka haurudi" hayakushuka kutoka mbinguni. Ipo Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inamlinda mlaji, na ipo Tume ya Ushindani inayopokea malalamiko. Tunza risiti ya muamala, picha na hiyo sauti.

ShogaMakorora
Wakili, harusi ni Jumamosi. Tume ikae lini?

KanzuNyeupe
Nyie mnalia viatu. Mimi navaa kanzu 58, na kila mtu wa pwani anajua hizo ni inchi, kutoka begani kushuka chini. Nimeagiza kwa ajili ya Idi, nimeletewa 54. Nimeswali kama mvuvi aliyetoka kuvuta jarife, miundi yote nje. Watoto wa madrasa walinipita wakiangalia chini.

KijanaWaMikanjuni
Kanzu ya kuagiza mtandaoni wakati mafundi wamejaa mjini? Unastahili.

KanzuNyeupe
Fundi yupi? Yule wa karibu na msikiti, mwenye redio? Afadhali hiyo 54. Nilimpelekea kitambaa mwezi wa Rajabu akaniambia njoo Jumatano. Jumatano ya karne ipi hakusema.

MamaWaSahare
Subiri, mwenye redio na miwani ya kamba? Kitenge changu cha bluu kipo kwake tangu kabla ya Ramadhani! Kila nikienda ananiambia imebaki mikono tu. Miezi minne anashona mikono! Nina mikono mingapi mimi, pweza?

MzeeWaPweza
Pweza ana minane. Haki yake muda huo.

ShogaMakorora
Mama wa Sahare, kitenge cha bluu chenye mikorosho? Mbona mkewe alikivaa kwenye maulidi wiki iliyopita, nilikaa naye jamvi moja.

MamaWaSahare
Mikorosho ya njano?

ShogaMakorora
Ya njano. Na mikono ilikuwepo yote miwili.

BintiChumbageni
Kaka wa Tangamano, nimekuuliza saa ngapi unafungua.

MamaWaSahare
Nakwenda kwake sasa hivi. Sijali kama ni usiku. Nani yuko karibu na msikiti aniangalizie kama taa inawaka?

KanzuNyeupe
Taa inawaka, na redio naisikia hapa. Mama, muulizie na kitambaa changu, cheupe, yadi nne.