Naomba ushauri: santuri ya Bobby Charles, toleo la kwanza au lililochapwa upya?

Wakuu, habari zenu. Bobby Charles, mwimbaji na mtunzi wa Marekani, mzaliwa wa Abbeville, Louisiana, wengi mnajua tungo zake bila kumjua yeye: "See You Later, Alligator" iliyovumishwa na Bill Haley, na "Walking to New Orleans" ya Fats Domino. Mwaka 1972 alitoa albamu yenye jina lake, aliyorekodi Woodstock, New York, na akina Rick Danko na Levon Helm wa kundi la The Band. Haikuuza. Mimi imenimaliza kabisa. Sikilizeni "Tennessee Blues" mwishoni: anaimba kivivu, akodiani ya Garth Hudson, naye wa The Band, inajivuta nyuma yake. Sisi tuliokulia kwenye taarabu hapo hatuponi.

Sasa nimepata muuzaji Marekani mwenye santuri ya 1972, lebo ya Bearsville. Jalada limechubuka pembeni, bei inatisha, na picha zake zina giza, mikwaruzo haionekani. Nimdai nini kabla ya kutuma hela? Au nichukue tu iliyochapwa upya? Na mliowahi kuagiza, ushuru ukoje, na zifungwe vipi zisifike zimepinda?